Viatu vya Hija: mwongozo kamili wa kuchagua, kuzoesha na kutunza viatu vya kutembelea kwenye joto la Makka

Katika semina nyingi za Hija huku kwetu, viatu hupewa sentensi moja tu: "Msisahau ndala." Kisha mwalimu anaendelea na dua za tawafu, ile mizunguko ya Kaaba. Nimekaa kwenye semina hizo mara kadhaa nikiwasindikiza wazazi na jamaa, na kila mara nimetoka na donge moyoni, kwa sababu nimewapokea watu hao hao wakirudi na visigino vilivyochanika na kucha zilizokufa. Wengine walikiri kwamba siku za Jamarat, nguzo zinazorushiwa mawe kule Mina, walichokumbuka ni maumivu ya unyayo kuliko dua. Mtu ameweka akiba miaka kumi au ishirini kwa ajili ya siku tano, halafu siku hizo zinaharibiwa na kiatu alichokinunua jioni ya kuamkia safari. Hilo linazuilika.

Kwanza tuhesabu mwendo wenyewe. Kutoka Swafa hadi Marwa ni takriban mita 450, na sa'yi, yaani mwendo kati ya vilima hivyo viwili, ni safari saba, kwa hiyo umeshapita kilomita tatu. Tawafu ukiifanya karibu na Kaaba ni fupi, lakini msongamano ukikupandisha ghorofani au juu ya paa, mzunguko mmoja unarefuka mara kadhaa. Kutoka Makka hadi Mina ni kama kilomita 7, na kutoka Mina hadi Arafa kama 14. Mabasi na treni yapo, lakini basi likikwama kwenye foleni watu hushuka wakatembea. Halafu kuna siku za kurusha mawe. Hema lako likiwa kilomita tatu kutoka Jamarat, kila siku ni kilomita sita kwenda na kurudi, na huko usitegemee bodaboda ya kukuokoa.

Sasa ongeza joto. Tarehe 17 Juni 2024 kipimo katika Msikiti Mtukufu wa Makka kilifika nyuzi 51.8. Mwaka huo serikali ya Saudia ilitangaza vifo vya watu 1,301, ikaeleza kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali na walitembea masafa marefu juani bila kivuli. Kiatu hakimkingi mtu na jua la namna hiyo. Lakini anayechechemea hutembea polepole, hukaa juani muda mrefu zaidi, na huachwa nyuma na kikundi chenye maji na mwamvuli. Kila mwaka Hija hutangulia siku 10 au 11, kwa hiyo sasa inatoka Juni na kuingia Mei, na usidhani Mei ni nafuu. Mchana wa Makka mwezi huo kwa kawaida hupita nyuzi 40.

Hatua ya kwanza: jua sharti la ihramu kabla ya kwenda dukani

Mwanamume aliyehirimia, yaani aliyeingia ihramu, ile hali ya Hija au Umra yenye mavazi na makatazo yake, amekatazwa kuvaa khofu (viatu laini vya ngozi kama soksi), na kwa kauli hiyo hiyo viatu vinavyofunika mguu na soksi. Hadithi ya Ibn Umar inamruhusu asiyepata ndara avae khofu baada ya kuzikata zishuke chini ya vifundo, yale mafupa mawili yanayochomoza pembeni ya mguu. Wanazuoni wa Kishafi, ambao ndio wengi wetu huku pwani tunawafuata, wanataka vidole na kisigino vibaki wazi. Mahanafi wao wanauangalia zaidi mfupa wa juu ya unyayo. Sendo iliyo wazi mbele, wazi nyuma na wazi juu ya unyayo inakutoa kwenye khitilafu zote hizo, na ndiyo maana sikushauri ununue kitu kingine kwa ajili ya siku za ihramu.

Mkanda mwembamba unaozunguka nyuma ya kisigino hauzuii kisigino kuonekana. Hata hivyo mwonyeshe sheikh wa kikundi chako kiatu chenyewe, mkononi, kabla ya safari, ili usije ukaingiwa na wasiwasi pale miqati, mpaka wa kuhirimia.

Kuna jambo moja linawasumbua wazee wengi: uzi. Mtu anaambiwa "usivae kilichoshonwa," basi anaikataa sendo nzuri kwa sababu ina mshono, anakwenda na kandambili za plastiki. Kilichokusudiwa ni nguo iliyokatwa na kushonwa kwa umbo la mwili, kama kanzu, shati au suruali. Mshono wenyewe kwenye sendo, mkanda wa kiunoni au mkoba haumo katika katazo hilo.

Mwanamke hana sharti hilo la viatu. Anaruhusiwa raba na soksi tangu anapohirimia hadi mwisho, na ningependa kila mama alijue hili, kwa sababu nimewaona wakinunuliwa ndala sawasawa na za waume zao bila sababu yoyote.

Hatua ya pili: panga jozi, usitafute kiatu kimoja cha kila kitu

Mwanamume anahitaji jozi mbili. Ya kwanza ni sendo ya ihramu, atakayoivaa siku ya Umra na kisha kuanzia tarehe 8 Dhulhija hadi atakapovua ihramu tarehe 10. Ya pili ni raba nyepesi za kutembelea. Watu husahau kwamba ukisharusha mawe na kunyoa tarehe 10, nguo za kawaida zinarudi, na viatu vya kawaida vinarudi pamoja nazo. Siku za Jamarat zinazobaki, ambazo kwa wengi ndizo za kutembea sana, huna sababu ya kuzimalizia kwenye sendo wakati miguu imeshachoka. Raba ziwe kwenye begi dogo unalokwenda nalo Mina. Zikibaki hotelini Makka hazitakusaidia kitu.

Mwanamke achukue raba kama kiatu kikuu na sendo kama kiatu cha kupumzishia.

Juu ya hizo, kila mtu awe na ndala za chooni na bafuni. Hizo ndizo za bei ndogo, na kazi yake iishie huko.

Hatua ya tatu: pima miguu jioni

Mguu wa asubuhi na mguu wa magharibi si mmoja. Ukishinda umesimama, na joto likipanua mishipa, mguu unavimba. Ongeza saa kadhaa za kukaa kwenye ndege kati ya Dar au Nairobi na Jeddah. Kwa hiyo nenda dukani baada ya alasiri, ukiwa umeshatembea. Simama wima, usikae, kwa kuwa unyayo hurefuka ukibeba uzito. Pima miguu yote miwili, na ununue kwa kufuata ule mkubwa.

Kwa raba, acha nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu. Kwa sendo, vidole visitokeze mbele ya soli hata kidogo, maana katika msongamano ncha ya kidole ndiyo inayokanyagwa na kugongwa na magurudumu ya viti vya wagonjwa. Kisigino nacho kisining'inie nyuma.

Unamnunulia mzee aliyeko kijijini? Usiulize "baba anavaa namba ngapi." Namba za viatu hazifanani kati ya kiwanda na kiwanda. Mwombe aliye naye amsimamishe juu ya karatasi jioni, achore miguu yote miwili kwa kalamu iliyosimama wima, kisha akutumie karatasi yenyewe kwa basi. Ikate, iweke juu ya soli dukani. Picha ya simu haifai kwa kazi hii, kwa kuwa inadanganya ukubwa.

Hatua ya nne: kiatu chenyewe

Ukiingia Kariakoo, Darajani au Gikomba, utaonyeshwa kwanza vinavyong'aa. Vipite.

Anza na soli. Lami ya jua la saa saba mchana inachoma, na soli nyembamba inaupitisha moto hadi kwenye unyayo. Unene wa vidole viwili chini ya kisigino unatosha. Ibonyeze kwa kidole gumba: inapaswa kubonyea kidogo kisha irudi. Ikizama kama sponji, itakuwa imelala bapa kufikia siku ya tatu. Ikiwa ngumu kama ubao, magoti yatalalamika. Kisha shika kiatu mbele na nyuma ukikunje. Kikunjike pale vidole vinapoanzia, ambapo mguu wenyewe hukunja. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa unyayo, kirudishe. Geuza uangalie meno ya chini, kwa sababu marumaru yenye maji ya kusafishia huteleza sana, na soli laini bapa isiyo na mistari ni hatari kwa mtu mzima.

Kwenye sendo, mikanda ndiyo kila kitu. Nataka mitatu: mmoja juu ya vidole, mmoja juu ya unyayo na mmoja nyuma ya kisigino, angalau miwili kati yake ikiwa ya kurekebisha, ili uilegeze mguu unapovimba. Mkanda wa kunata ni bora kuliko kifungo cha chuma, kwa kuwa utaufunga na kuufungua mara nyingi kwa siku, mara nyingine ukiwa umeinama katikati ya watu. Upande wa ndani wa mkanda uwe na kitambaa laini, na upitishe kidole chako kwenye kila mshono. Kinachokukwaruza kidoleni dukani kitakuchubua Mina.

Kandambili zina kasoro mbili ambazo wengi hawazioni hadi wamefika. Hazina mkanda wa nyuma, kwa hiyo vidole hujikunja muda wote kuzishikilia, na baada ya kilomita chache maumivu hupanda hadi kwenye muundi. Pili, mtu wa nyuma akizikanyaga zinachomoka, na kuinama kuokota ndala kwenye umati unaosukuma ni kuhatarisha maisha. Ikichomoka, iache. Lakini ni bora uwe na kiatu kisichochomoka.

Makubadhi ya ngozi ni mazuri na ni ya kwetu, ila soli yake mara nyingi ni nyembamba na ngozi ikilowa udhu mara tano kwa siku inakakamaa na kuanza kukata. Katambuga, ambazo Kenya wanaziita akala, zinadumu na hazipitishi miiba, lakini mpira mweusi wa tairi hunywa jua na ni mzito. Mwenye kuzivaa kila siku na akazizoea nisingemzuia. Mgeni nazo asijaribu.

Rangi nayo ina uzito wake. Nyeusi hupata moto kuliko kijivu au kahawia isiyokolea, na unahisi tofauti hiyo unapovivaa tena viatu vilivyoachwa nje juani.

Kwa raba, tafuta zenye wavu juu zinazopitisha hewa, nyepesi kiasi kwamba hushangai ukizinyanyua. Za ngozi nzito na za kupandia mlima ziache. Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kubaki nalo, na soksi mbichi ndiyo mama wa malengelenge. Zilizochanganywa na nyuzi za polista hukauka upesi. Beba jozi nne, ubadilishe adhuhuri.

Mitumba inafaa, tena mara nyingi ni mizuri kuliko vipya vya bei ile ile. Tahadhari moja: baadhi ya soli za povu huoza kimyakimya zikikaa miaka stoo. Kiatu kinaonekana kipya, ukikitembelea kidogo kinapukutika kama mkate mkavu. Kikunje kwa nguvu dukani, chimba ubavuni kwa kucha, na ukiona nyufa ndogo au unga, ondoka. Halafu angalia umbo la mguu wa mwenyewe wa mwanzo lililobaki ndani. Soli iliyolika upande mmoja itakuvuta upande huo.

Hatua ya tano: mpitie fundi

Viatu vingi vya siku hizi vimeunganishwa kwa gundi peke yake, na gundi hulainika kwenye joto. Nimeona soli ikibaki barabarani na mtu akiendelea na mikanda mguuni. Mpe fundi viatu azungushe mshono wa uzi wa nailoni pembeni mwa soli, zote mbili, na uhakikishe uzi hautokezi ndani unapokaa unyayo. Ni kazi ndogo na malipo yake ni madogo. Akimaliza, mwambie akaze na kila mkanda pale unapoingia kwenye soli.

Hatua ya sita: vizoeshe, na ujizoeshe mwenyewe

Nunua wiki sita kabla ya safari. Wiki ya kwanza tembea nusu saa kwa siku. Ongeza kidogokidogo hadi, wiki ya nne au ya tano, uweze kwenda kilomita nane kwa mkupuo ukiwa na mkoba wenye maji mgongoni. Fanya asubuhi mapema, na siku moja moja alasiri ili mguu uonje lami ya moto.

Jaribio ambalo sijaona likifundishwa, na ambalo naliona kubwa kuliko yote, ni hili: tia udhu kwanza, kisha tembea. Huko utakuwa unaosha miguu mara nyingi kwa siku na kuondoka haraka. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka mara moja. Kiatu kisichokuumiza ukiwa mkavu kinaweza kukuchuna ukiwa umelowa, na ni heri ulijue hilo ukiwa nyumbani.

Tawafu na sa'yi utazifanya bila viatu. Marumaru nyeupe ya uwanja wa Kaaba, iliyoletwa kutoka kisiwa cha Thasos cha Ugiriki, haishiki joto, hivyo mchana unaweza kuikanyaga. Lakini ni ngumu, na mguu uliozoea soli laini huumia kwenye sakafu ngumu. Basi kila jioni tembea peku nyumbani kwenye sakafu ya vigae au saruji, dakika kumi, kisha ishirini, kisha arubaini. Wanawake wanaweza kuvaa soksi nene ndani ya Haram, yaani Msikiti Mtukufu.

Hatua ya saba: ngozi na kucha

Dar, Mombasa na Unguja hewa ina maji. Makka ni kukavu, na mwenye magaga visiginoni atayaona yakipasuka hadi damu ndani ya siku chache. Mwezi mmoja kabla, kila usiku osha miguu, sugua kwa jiwe la kusugulia, paka mafuta ya mgando na uvae soksi ulale.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya kuhirimia, kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni. Ukishahirimia hukati tena, na kucha ndefu ndani ya siku za mwendo hugonga mbele hadi zikawa nyeusi.

Mafuta na poda utakazobeba zisiwe na manukato. Poda nyingi za miguu zina harufu, na manukato yamekatazwa kwenye ihramu. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha: pakaa kidogo kati ya vidole na pale mikanda inapogusa, kila baada ya kukausha udhu.

Kwa mwenye kisukari

Hapa soma taratibu. Kisukari kinaweza kuua hisia za nyayo, na mtu akaungua kwenye sakafu ya nje bila kujua mpaka aone lengelenge. Usitembee peku nje ya eneo la tawafu hata hatua ishirini za kutafuta choo. Kagua nyayo asubuhi na usiku, au mwombe mwenzako akukagulie. Mwanamume ambaye daktari amemwambia lazima avae viatu vya kufunika, asiache maagizo ya daktari kwa kuogopa ihramu. Sharia ina mlango wa dharura, pamoja na fidia ya kufunga siku tatu, kulisha masikini sita au kuchinja. Alimalize na sheikh wake kabla ya kuondoka. Na kidonda chochote mguuni, hata kidogo, kipelekwe kwa daktari wa msafara siku hiyo hiyo.

Ukishafika

Sendo ya ihramu isiende kwenye begi la mizigo. Ndege inayokwenda Jeddah hupita miqati ikiwa angani, hivyo ihramu huvaliwa uwanjani au ndani ya ndege, na begi lako liko chini huko. Ivae kutoka nyumbani.

Shona mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kukaza, uvae mgongoni au ubavuni. Kila ukiingia Haram, viatu viingie humo na uende navyo. Wanaoviacha mlangoni mara nyingi hawavikuti, kwa sababu wasafishaji huviondoa na milango ni mingi, na kwa kawaida hutoki kwa mlango ulioingilia. Nje, uwanja usio na kivuli unaweza kukuunguza kabla hujafika hotelini. Pamoja na viatu weka kitaulo kidogo cha kukaushia katikati ya vidole.

Mama anayevaa buibui refu alipandishe kidogo kwenye ngazi za umeme, na kamba za raba zifungwe fupi. Vyote viwili hunaswa.

Chagua nyakati za mwendo pale ratiba ya kikundi inapoacha nafasi. Jamarat usiku ni nafuu kwa miguu kuliko adhuhuri. Ukirudi hemani, vua kila kitu, inua miguu juu ya begi robo saa ili uvimbe ushuke, na uviache viatu vipumue.

Ukihisi mahali pamepata moto ndani ya kiatu, simama papo hapo. Usiseme "nitamalizia tukifika." Moto huo ndio lengelenge linalozaliwa. Kausha, paka mafuta, legeza mkanda, au bandika plasta. Lengelenge dogo liache. Likiwa kubwa na linabana, osha kwa sabuni isiyo na manukato, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua maji taratibu, na ngozi ya juu usiitoe. Hiyo ngozi ndiyo bandeji bora kuliko zote. Funika kwa plasta, ibadilishe kila baada ya udhu, na siku inayofuata vaa jozi nyingine.